Mama Mapacha na Vioo vya Mbele

Kiangazi kile barabara kuu ilipokuwa ikichongwa kwa mara ya kwanza, Mama Mapacha alikuwa bado binti wa watu, hajawa mama wa yeyote, na kazi yake ilikuwa kusafisha trela la msimamizi wa ujenzi. Lilikuwa nyumba kamili juu ya magurudumu mawili. Mlikuwa na kitanda, meza ya kukunja na kabati, na upande wa mbele, pale trela linapofungwa kwenye gari, palikuwa na madirisha matatu ya kioo: moja kubwa katikati na mawili madogo pembeni. Asubuhi jua liliingia humo bila kubisha hodi. Binti akishamaliza kufagia, alikaa katika mwanga ule akamsuka mke wa msimamizi, na kila mstari wa kichwa ukatoka umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Vumbi la siku hizo lilikuwa jekundu, wanaume waliimba wakisukuma matoroli ya udongo, na yeye aliamini kwa moyo wake wote kwamba mtu mwenye dirisha kama lile hawezi kulala njaa.

Barabara ilipokwisha, msimamizi alihama akaliacha trela porini, sakafu imeoza na gurudumu moja limelala. Miaka ikapita. Binti aliolewa na dereva, akajifungua mapacha wa kike, akapata na jina la kuitwa maisha yake yote. Mapacha walipoota meno ndipo yeye na mumewe walipoliokoa lile trela kwenye majani, wakalitia sakafu mpya, wakaligeuza saluni. Msimu wa mavuno walilikokota kwa pikapu yao hadi kwenye mashamba makubwa; mavuno yakiisha, walifuata kambi za ujenzi. Walilala humo, wakala humo, na humo alisuka. Chini ya madirisha ya mbele alipanga rafu yenye vioo viwili vya kujitazamia, na cha tatu akakitundika nyuma, mteja apate kuona kisogo chake.

Maisha hayo yangekuwa asali tupu kama si mawe.

Dirisha dogo la kulia lilitangulia. Walifika kambini wakakuta limetobolewa tundu la ukubwa wa yai, na vipande vya kioo vimetapakaa kitandani kama mchele wa harusi.

"Lori," alisema Baba Mapacha akijifuta jasho. "Lile lililotupita pale kwenye mteremko. Malori ya siku hizi hayana adabu."

Kioo chenyewe kilikuwa kimepinda kidogo kufuata umbo la trela, na kila fundi wa vioo aliyekipima alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa mgonjwa amechelewa. Wakaziba tundu kwa ubao. Kuanzia hapo, kila mwenye mdomo akawa bingwa wa madirisha. Mmoja alishauri wavu wa mabanda ya kuku. Ukafungwa, na changarawe zikapita katikati ya matundu yake kama wageni walioalikwa. Mwingine akasema godoro la sponji. Likafungwa, likanywa mvua ya njia nzima, na kwa juma zima wateja wakasukwa huku wameziba pua. Turubai nalo lilipofungwa kwa kamba, upepo uliingia chini yake, likawa linayachapa madirisha yale yale lililopewa kazi ya kuyalinda. Mama Mapacha alikuwa mwanamke wa upole, lakini upole nao una ukingo wake.

Msimu mmoja, mapacha wakiwa wameshakua na kuolewa, mdogo wa mumewe alikuja kuwasaidia kuhama. Alikuwa mtu wa makamo, mtiifu, mwenye mikono ya kazi. Benchi, mapipa na magodoro yakapakiwa juu ya pikapu hadi trela halikuonekana tena kutoka mbele.

"Shemeji," Mama Mapacha alimwambia, "nakwenda kuaga wateja. Nifunikie vioo vya mbele, tena ufunike sana. Tumia mablanketi yote, halafu turubai juu yake."

"Ondoa shaka, shemeji. Nitavifunika mpaka visijijue."

Aliporudi, injini ilikuwa inanguruma na mumewe anapiga honi. Akapanda, wakaondoka. Walipofika waendako, alizunguka hadi mbele ya trela na kukuta dirisha dogo la kushoto halipo. Limebaki pengo na meno ya kioo. Hakuona blanketi, hakuona turubai. Akafungua mlango. Ndani, juu ya rafu, vile vioo viwili vya kujitazamia vilikuwa vimeviringishwa mablanketi kama watoto wachanga, vikafungwa turubai, na kamba ikapigwa mafundo ya kufungia ng'ombe.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Vioo vya mbele."

"Vioo vya mbele ndivyo hivi?"

"Ndivyo! Cha nyuma hukukitaja, nikakiacha."

"Madirisha! Nilitaka ufunike madirisha!"

"Hapana, shemeji, tusisingiziane. Ungesema madirisha ningefunika madirisha. Ulisema vioo. Tena ulisema nifunike sana. Tazama mwenyewe, hata ufa havina!"

Baba Mapacha, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alijikaza, akashindwa, akaangua kicheko. Mkewe aliketi kwenye ngazi ya trela, akawatazama ndugu wale wawili kwa zamu, asijue aanze na yupi.

Kicheko kilipokwisha, mumewe alikaa kando yake. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama Mapacha, tumechoka. Kile kikubwa cha katikati nacho kikipasuka, basi. Trela tunalipeleka kwa pacha mkubwa, akafugie kuku. Wewe utasukia barazani kwake."

Baraza hiyo aliijua vizuri. Ilitazama ukuta wa jirani, na adhuhuri ilikuwa na giza kama stoo ya mkaa. Macho yake hayakuwa tena yale ya usichana. Bila mwanga wa dirisha lile kubwa hakuweza kuugawa mstari wa kichwa ukanyooka, na msusi asiyeona mstari hana kazi. Lakini hasira ilijibu kabla yake.

"Sawa," alisema. "Kikipasuka, basi."

Neno likishatoka halirudi, na mumewe hakuwa mtu wa kusahau ahadi za wengine.

Asubuhi iliyofuata Mama Mapacha aliteka maji aoshe matope upande wa mbele wa trela. Kitambaa kikasimama mkononi. Matope hayakutapakaa ovyo. Yalipanda kwa mistari miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, na katikati palikuwa na madoa machache tu. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaifuata mistari ile kwa macho hadi chini, mpaka kwenye magurudumu ya nyuma ya pikapu yao wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Baba Mapacha! Njoo ulione lori lako."

"Lori gani?"

"Hili." Akaligonga gurudumu la pikapu kwa kichana. "Ndilo linalotupiga mawe miaka yote hii."

"Pikapu yangu? Mimi nimeshika usukani tangu wewe hujui kusuka hata mabutu."

"Ndiyo maana. Umeendesha sana, na siku zote unatazama mbele."

Alikwenda mwenyewe kwa fundi wa kuchomelea. Safari hii hakutamka neno kioo hata mara moja. Alimshika fundi mkono, akamwekea kiganja juu ya dirisha. Fundi akatengeneza pazia la bati la kufunika upande wote wa mbele, lenye bawaba juu, la kushushwa na kukomewa safarini, na trela likisimama linainuliwa na kuwa kivuli. Kisha akachomelea chuma chini ya mkia wa pikapu, akaning'iniza humo vipande vizito vya mpira wa matairi, vinakaribia kulamba ardhi.

"Mawe yatakayoponyoka mpira yatakutana na bati," alisema fundi. "Ila mwendo, mama? Ukizidi, mpira utapepea."

"Mwendo je, hauchomelewi?"

"Hapo sina mashine."

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda kwenye mashamba, kwa barabara iliyomwagwa kokoto mpya. Walipokaribia kokoto, Mama Mapacha alisema, "Punguza."

"Nikipunguza tutafika tuna mvi."

"Mvi unazo tayari. Punguza."

Hakupunguza. Mlio wa kwanza ulikuwa kama sufuria iliyoanguka. Wa pili ulikuwa mkubwa zaidi, ukafuatwa na kishindo kilichomfanya ashike dashibodi kwa mikono miwili.

"Lori," alisema mumewe, kwa mazoea.

"Lori liko wapi? Barabara nzima tupo sisi na mbuzi!"

Pikapu ikasimama. Pazia la bati lilikuwa limebonyea kama kitako cha chungu, sawasawa na mstari wa gurudumu la kushoto. Vipande vya mpira vilikuwa vimekunjwa na upepo wa mwendo, kimoja kimenasa juu ya chuma. Komeo iligoma kufunguka. Mama Mapacha aligeuka akatazama mbuzi, hakutaka kuona. Akamsikia mumewe akipiga komeo kwa jiwe, bawaba zikalia, pazia likainuka.

"Kizima," alisema Baba Mapacha. Alivua kofia. "Ndiyo hiyo pikapu. Ni mimi."

Mama Mapacha alimgeukia. Alinyoosha mkono tu, kiganja kikiwa wazi, na mumewe alikitazama kwa muda kabla ya kuweka funguo juu yake. Leseni ya udereva alikuwa nayo yeye pia tangu mapacha walipokuwa wadogo na hospitali ikawa mbali. Hakuwa ameitumia kwa sababu ndani ya pikapu ile dereva alikuwa mmoja. Akaketi kwenye usukani, akavuta kiti mbele, akaondoka kwa mwendo uliofanya vipande vya mpira vining'inie wima kama kanzu kwenye msumari. Nyuma yao honi zikaanza.

"Mama Mapacha, hata punda anatupita."

"Mpungie mkono."

Suala la kufuga kuku halikutajwa tena. Misimu iliyofuata ilimkuta akiendesha yeye, na mumewe akilalamika kwenye kiti cha abiria tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Kila palipo na kokoto alishusha dirisha akapaza sauti kwamba wana haraka, nayo pikapu ikazidi kupunguza mwendo.

Mara ya mwisho watu wa upande wetu kumwona ilikuwa mwanzoni mwa mvua. Alisogeza pikapu kando ya barabara, akaiacha foleni ya magari iliyojikusanya nyuma yake ipite. Akashuka, akatikisa komeo ya pazia la bati, akaiona imeshika. Kisha akarudi kwenye usukani, akaelekea mashambani.