Afisa Mipango Anusa Udongo

Afisa mipango wa mji wetu hapa Ohio hasalimii mtu kabla ya kukagua ardhi. Huchota udongo, akausugua kwa vidole vyenye kucha nyeusi, kisha akaunusa kama anayeonja mchuzi. Sauti yake ndogo, lakini makandarasi wakiisikia huzima mitambo: "Jamani, hii ni ardhi oevu. Sheria ya Maji Safi hairuhusu kufukia bila kibali cha serikali kuu."

Siku ya harusi ya bintiye, Darlene, nilileta lori la kokoto nyuma ya nyumba yao, nifukie tope kwenye njia ya kuelekea hema la sherehe. Afisa mwenyewe, mama mtu, ndani ya gauni la hariri, akainama akachota udongo. "Mama, usithubutu kunusa!" Darlene alipiga kelele, shela kichwani. Mama akanusa. Akafumba macho. "Rudisha kokoto, kaka," akaniambia. Darlene nusura alie. "Hapa ni kwetu, Mama! Nani atajua?" "Mimi nimeshajua, mwanangu." Bibi harusi akavua viatu, akakunja gauni hadi magotini. "Haya, Mama, tangulia wewe. Ukizama, nitajua pa kutokanyaga."