Saba Katika Nafasi ya Mmoja

Mimi ni mtu wa kuja hapa Morogoro. Kwetu shamba lina baba, na baba ni mmoja, kwa hiyo nilipopewa kazi ya kutengeneza programu ya kuchapa hati za mashamba ya kimila milimani, juu ya Bigwa, sikumuuliza mtu. Nilikuwa na shahada, ya nini kuuliza.

Programu ilifanya kazi vizuri, nasema hivyo bila haya. Iliiuliza kanzidata shamba ni la nani, na jibu ikalihifadhi kwenye kigeu, yaani kikopo cha muda cha kubebea jibu hadi kwenye printa. Kikopo changu kilikuwa cha jina moja. Likija la pili, la kwanza linamwagwa. Mashine haikulalamika, nami nikajipongeza.

Siku ya kugawa hati, mgeni rasmi aliita jina kwa sauti ya kampeni. Akajitokeza bibi mmoja wa Kiluguru, mjukuu mgongoni. Alipopewa mkono, akaonyesha nyuma: mwenye jina ni huyu. Mmiliki wa shamba la migomba alikuwa na miaka miwili, na amelala. Watu walipiga makofi, maana walikuwa wameambiwa wapige.

Siku ya tatu bibi alinifuata ofisini na binti yake. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanieleza kwa upole ulioniuma kuliko matusi. Shamba ni la ukoo wa mama yake. Walioandikishwa ni saba, kuanzia yeye hadi yule mtoto. Na baba wa mtoto, mtu wa kuja kama mimi, alikuwa ameshaanza kuulizia wanunuzi.

Nikamweleza habari za kikopo, kwamba kila jina linaloingia hulitoa lililotangulia.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "kwetu mtoto akizaliwa, sisi hatutoki."

Nikageuza kigeu kuwa orodha ya majina yote, kazi ya dakika tano. Bosi alinung'unika kwamba fomu ina nafasi ya jina moja, nikapunguza ukubwa wa herufi.

Bibi hakujua kusoma. Alihesabu mistari ya hati mpya kwa kidole hadi saba, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamsogeza mbele binti yake, mjamzito, akauliza huyu wa nane ataandikwa wapi.

Nikamvutia kiti, nikaanza kuuliza.