Kamba Iko na Mutu

Watu wa mji wetu wa Bunia hudhani redio hukaa studioni, kwa mtangazaji mwenye sauti nzuri. Redio inakaa juu ya mlingoti. Mtangazaji anaweza kusema mpaka mate yamkauke, lakini kebo ya juu ikikatika anazungumza na ukuta. Mimi ndiye ninayepanda kuitengeneza. Nimepanda mlingoti ule tangu nilipokuwa na nywele kichwani, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo aliyeshika kamba yangu chini alikuwa mke wangu.

Kazi yake ilikuwa kuuza maharagwe sokoni. Nilikuwa na mwenzangu wa kunishikia kamba, fundi mtulivu, mpaka machafuko ya Djugu yalipomchosha akahamia Aru na familia yake. Mkurugenzi wa redio akanitafutia wengine, na wote walishika kamba kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa na simu. Siku moja nilishuka nimekasirika, nikaenda nyumbani, mtaa wa Saio, nikamwambia mke wangu kwamba watu wale wataniua. Alinawa mikono, akakaza kikwembe chake kiunoni.

"Twende," akasema. "Nitashika miye."

Walicheka sana pale redioni. Mlinzi wa lango, mzee mwenye maneno mengi, alimuuliza, "Mama, unafunga bwana yako sawa mbuzi?" Naye akamjibu bila kugeuka, "Ni mbuzi yangu. Nifungiwe na jirani?" Tangu siku hiyo hakuna aliyemtania tena kuhusu kamba.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Juu kabisa ya mlingoti kuna kapi, gurudumu dogo la chuma, na kamba inapita juu yake. Ncha moja nimefungwa mimi kwenye mkanda, ncha nyingine inashuka mpaka kwa aliye chini, naye anaizungusha kwenye nguzo fupi na kuipitisha kiunoni. Nikipanda, anavuta iliyolegea. Nikiteleza, anashika. Nikifika juu nasema "Kaza", anakaza, naegemea nyuma na mikono yangu yote miwili inakuwa huru kufanya kazi. Kuachia mikono yote miwili mahali pale si jambo dogo. Nilimwachia yeye.

Alikuwa na taratibu zake, na ole wako uzivunje. Kwanza alizima mtambo, akachomoa fyuzi na kuifunga kwenye ncha ya kikwembe chake, maana mtu akiwasha mtambo nami nimeshika antena, nitaungua. "Mwenye anataka kuwasha," alikuwa akisema, "akuje aifungue hapa kwa kiuno yangu." Halafu nilisimama chini ya mlingoti, mguu kwenye kipago cha kwanza, na kabla ya kuinua mguu wa pili ilinibidi niulize.

"Kamba iko na mutu?"

"Iko na mutu. Panda."

Hata tukiwa tumegombana nyumbani, hata siku tuliyotoka bila kusemezana, niliuliza na alijibu. Na nikishuka, hakuachia kamba eti kwa kuwa ameniona nimesimama ardhini. Alisubiri mpaka iwe nyepesi mikononi mwake. "Macho inadanganyaka," aliniambia. "Uzito ikitoka kwa kamba, ndiyo najua umefika."

Miaka ya nyuma alikuja mhandisi mgeni kutusaidia kubadilisha antena. Kwao alikuwa na mashua ya tanga, na akatueleza jinsi alivyokuwa akipanda mlingoti wake akiwa peke yake ziwani. Unafunga ncha moja ya kamba chini, imara. Kwenye ule upande mwingine unaoning'inia unafunga vitanzi viwili vya uzi mnene vilivyoshikwa na mkanda wako, kwa fundo linaloteleza ukilisukuma juu na kuuma ukililalia. Unapanda huku unayasukuma mafundo, na mafundo ndiyo yanayokuwa mwenzako. Alinifundisha pale pale uani, nikafunga na kufungua mpaka akaridhika. Mke wangu alitazama yote yale, mikono kiunoni.

"Sasa huyu," akaniuliza baadaye, "sababu ya nini anapanda peke yake? Hana batu kwao?"

Nilicheka. Vitanzi vile nilivitia ndani ya mfuko wa vifaa, nikavisahau.

Homa ilimwanza Jumapili, akitoka kanisani. Sitaieleza sana. Hospitalini walifanya waliloweza, na Jumatano asubuhi nikaitwa kando ya kitanda. Alinitazama akanitambua, kisha akawa hayupo. Nilibaki nimeshika kidole chake gumba kama mjinga. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "alipumzika", ninakasirika, kwa sababu hakuwa amechoka. Alikuwa na maharagwe yameloweshwa nyumbani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo radi ilikuwa imepiga mlingoti. Bunia na radi ni ndugu, hatushangai. Lakini safari hii iliunguza kebo pale inapoungana na antena, na redio ikanyamaza. Siku nyingine yoyote ningesema itasubiri.

Haikuweza kusubiri kwa sababu ya mama mkwe wangu. Alikuwa amekimbia kijiji chake cha Djugu, akahama kambi moja hadi nyingine, na kwa miezi mingi hatukujua yuko wapi. Simu hakuwa nayo. Alikuwa na redio ndogo ya mawe, yaani ya betri, ile ya kubeba begani, na tulijua kwa hakika kwamba kila adhuhuri anasikiliza matangazo ya vifo, kama watu wote wa kwetu wanavyosikiliza, ili kujua ni nani wa kuliliwa leo. Hapakuwa na njia nyingine ya kumwambia kwamba mtoto wake amekufa.

Kaka mkubwa wa mke wangu, ambaye ndiye aliyeongoza kilio, alisema wazi mbele ya wanaume wote: mashine ya baridi ya morgue, kule chumba cha maiti, inategemea jenereta, na jenereta inategemea Mungu. Mazishi Jumamosi, mama awepo asiwepo. Hakusema kwa ubaya. Hata hivyo nilimchukia kwa muda. Mwanamke azikwe bila mama yake kumwona uso, na mama huyo yu hai mahali fulani, ameweka sikio kwenye redio yangu iliyokufa?

Alhamisi asubuhi, watu wakiwa bado wanajinyoosha kwenye mikeka, nilitoka kilioni kama mwizi wa kuku. Watoto wangu wawili walikuwa wamelala kwa shangazi yao. Sikuwaaga, maana ningewaangalia nisingeondoka.

Mlinzi wa lango aliuona mkanda wangu begani, akasimama.

"Papa, unaenda wapi na hiyo?"

"Juu, muzee."

"Na maiti iko morgue? Hapana. Mutu wa kilio hapandake. Marehemu anaweza kukuita, na weye uko kule juu. Miye siwezi shika ile kamba, unisamehe."

"Sijakuomba, muzee."

"Sasa nani atashika?"

"Hakuna."

Imani hiyo ni ya mafundi wote ninaowajua hapa. Mwenye kilio hapandi mpaka amezika. Mwenzangu wa Aru angesema vivyo hivyo, na mimi mwenyewe nimewahi kumkataza mtu kwa maneno yale yale. Mzee akarudi kwenye kiti chake, akageuza mgongo, akatoa rozari.

Nilifanya kila kitu polepole, kwa sababu haraka ndiyo inayoua watu wa kazi hii. Nilitazama mbingu upande wa ziwa, mvua zetu zinakotokea, hazikuwa na wingu. Nilichomoa fyuzi. Sikuwa na kikwembe cha kuifungia, nikaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Nilifunga ncha ya kamba kwenye nguzo yake, ile nguzo fupi iliyokuwa imeng'aa kwa kusuguliwa. Nikavitoa vile vitanzi vya mgeni, nikavikagua uzi kwa uzi, nikafunga mafundo mawili, nikajinyanyua kidogo tu kutoka ardhini na kuning'inia kwa uzito wangu wote. Yaliuma. Nikarukaruka. Yaliuma zaidi.

Kisha nikaweka mguu kwenye kipago cha kwanza, na mdomo wangu ukauliza wenyewe.

"Kamba iko na mutu?"

Mzee wa lango alikohoa. Nikapanda.

Kupanda peke yako ni kazi ya kuhesabiana na nafsi yako. Mguu, mguu, sukuma fundo la kwanza, sukuma la pili, lalia kidogo, pumua. Yeye alipokuwa chini nilikuwa nikipanda tu, nikijua kamba inakwenda na mimi. Sasa kila hatua ilinibidi nijikumbushe kwamba mimi ndiye mpandaji na mimi ndiye mshikaji. Chini yangu niliona mabati ya Saio, na moshi wa jiko la kilio chetu, na nikaona watu wadogo wakitembea huku na huku uani. Nadhani walikuwa wananitafuta.

Nilipofika juu niliona kebo iliyoungua, nyeusi. Iko mbali kidogo na mlingoti, ni lazima uegemee nyuma kuifikia. Nikasema, "Kaza." Nikaachia mikono yote miwili.

Mafundo nilikuwa nimeyaacha chini, karibu na magoti. Hakuna aliyekaza. Nilianguka kinyumenyume, nikaona mbingu, halafu kamba ikanikamata kwa nguvu na nikagonga bega kwenye chuma. Fundo lilikuwa limeuma. Fundo la mtu asiye na watu.

Nikaning'inia pale. Sikuwa nimelia tangu Jumatano; wanawake walikuwa wakinitazama kwa mashaka kwa sababu hiyo. Nililia pale juu, kwa sauti, sikumwonea mtu haya. Nilimkasirikia. Nilimwambia kwamba amenidanganya, kwamba alisema iko na mutu. Niliwafikiria watoto wangu wakiamshwa kuambiwa habari ya pili. Nilipomaliza nilijipangusa kwa mkono wenye grisi, nikarudi kwenye vipago, nikasukuma mafundo mpaka juu ya kichwa changu, nikazungusha mkanda kwenye mlingoti, nikajaribu, nikajaribu tena. Ndipo nikaikata kebo mbovu na kuunga nyingine.

Nilishuka nikarudisha fyuzi. Sindano ya kipimo cha mtambo ilipoinuka, mzee wa lango aliingia na kiredio chake kikiimba, akaniletea maji ya kunywa. Nikampigia mtangazaji, naye akaja kutoka kilioni mbio. Adhuhuri akasoma tangazo la kifo, na alipomaliza maandishi akaongeza ya kwake: "Mama ya marehemu, popote unasikia hii sauti, tunakungojea. Kuja uone mutoto yako."

Alikuja Ijumaa, kabla ya mvua, kwenye pikipiki. Kumbe alikuwa Bogoro tu, akilima mashamba ya watu. Karibu hivyo, miezi yote ile. Redio yake ilikuwa imefungwa begani kwa kitambaa. Nilipiga magoti kumsalimu kama inavyompasa mkwe, akaniinua kwa kiwiko.

"Siku ile redio ilinyamaza, batu baliniambia nizime, mawe itaisha," akasema. "Nilikatala. Nilisikiliza ile shhh, mpaka mukarudi."

Alikaa morgue na mtoto wake muda aliotaka. Alimsuka upya nywele za mbele, zilizokuwa zimefumuka. Mimi nilisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano kifua changu kilikuwa na nafasi ya hewa.

Jumamosi makaburini, wachimbaji walitandika kamba zao kuukuu za kushushia sanduku. Nilizitazama nikaona zimelika. Nikasema nitashusha kwa kamba yangu, na upande wa kichwa nitaushika mimi. Shemeji akanishika mkono. Mume hamshushi mkewe, alisema, hiyo ni kazi ya vijana, mfiwa anakaa. Watu wakaanza kunong'ona.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini kwenye udongo. Hakuinua kichwa.

"Mumuachilie," akasema. "Kamba ni mambo yao bawili."

Nikaipitisha kamba kiunoni mwangu, kama alivyokuwa akifanya, nikakita miguu. Vijana wakashika upande mwingine. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilijibu, kwa sauti ya chini.

"Iko na mutu. Shuka."

Nikaachia kidogo kidogo, bila mshtuko, bila kutazama pembeni. Walioinama kwenye ukingo walisema amefika, niachie. Sikuachia. Nilisubiri mpaka uzito ukatoka kwenye kamba, ndipo nikajua amefika.