Mpunga Mlangoni pa Depo

Leo jirani amefungua gunia la mpunga uliolowa, na harufu yake imenirudisha Jumanne ile, saa nane za mchana, mvua ilipotukuta barabarani. Nilikuwa mdogo. Koko, mama wa baba, alikuwa ameanika mavuno yake yote juu ya shitingi, turubai la plastiki, kando ya barabara, kama wanavyofanya wote hapa bondeni. Nyumbani kulikuwa mbali. Mbele yetu palikuwa na depo ya pamba ya wakati wa Wabelgiji, tupu tangu baba akiwa mtoto, lakini mabati yake mazima. Tulikunja shitingi, tukaiburuta hadi pale. Sentineri, mlinzi wa depo, alisimama mlangoni.

"Mama, hii nyumba iko ya Leta, ya serikali."

"Leta iko ndani?"

"Miye niliambiwa hakuna muntu kuingia."

"Mpunga si muntu, baba."

Alicheka, lakini funguo hakutoa. Hata barazani alikataa, eti mkubwa wake akipita atamfukuza kazi. Mimi nilikuwa nimeshika pembe ya shitingi, maji yakiingia. Mpaka leo inaniudhi. Walikuwa wanamlindia nani?

Kesho yake asubuhi mpunga ulikuwa umevimba na kuanza kunuka. Sentineri alipoenda kunywa chai, nilipanda dirisha la nyuma la depo. Sakafu yote ilikuwa kavu, na vumbi lilinifika vifundoni. Niliporudi, koko aliniuliza nimeona nini.

Nilimwambia mle namo mnavuja.