Ana na Hana

Nyumbani walimwita Mwalimu, na hakuwahi kufundisha darasa hata siku moja. Mwanafunzi wake alikuwa mmoja tu, mama yake mzazi, na somo lilikuwa moja tu, herufi h. Jina lenyewe alipewa na huyo huyo mama, kwa utani.

Mama alikuwa fundi cherehani, na alikulia kwa watu wasioitamka h. Kwake homa ilikuwa oma, hospitali ilikuwa ospitali, na hapana ilikuwa apana. Wateja hawakujali. Walifuata mishono yake, na walifuata maneno yake vile vile, maana mama alikuwa na mdomo, jamani, akikupima kiuno unatoka mbavu huna. Aliyeona aibu ni binti. Akiwa na miaka kumi na miwili, siku ya wazazi shuleni, mama aliingia darasani na gauni lake la maua akasalimia kwa sauti yake yote, "Amjambo, walimu." Darasa likaangua kicheko. Mtoto akatamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, basi akasimama akamwambia mama yake mbele za watu, "Si amjambo, mama. Hamjambo. Sema ha."

Mama akasema ha. Akasema mara tatu, mpaka mtoto akaridhika. Njiani wakirudi akacheka, akamshika bega. "Aya, Mwalimu wangu, nimekuelewa."

"Haya," mtoto akamsahihisha. "Si aya."

Na hakuachia hapo. Alimsahihisha mbele ya wateja, mezani, kwenye simu, miaka nenda miaka rudi. Ukimuuliza angekuapia kwamba alikuwa anamsaidia, na nadhani angekuwa anasema kweli, ambalo ndilo jambo baya zaidi. Ilifika siku akagundua kwamba hana tena cha kusahihisha. Akafurahi. Hakujiuliza mama alifikaje hapo.

Alipotimiza miaka thelathini na minne, duka alilokuwa akichapa barua na kadi za mialiko likafungwa, akarudi kukaa kwa mama, kwenye chumba cha nyuma ya cherehani. Huko ndiko alikosikia kuna kazi ya kuchapa sauti za madaktari. Daktari akimaliza kumwona mgonjwa, anaongea kwenye kinasa sauti, na mtu mwingine kabisa, asiyemjua mgonjwa, anakaa ofisini anasikiliza na kuyaandika yale maneno kwenye faili. Vidole vya Mwalimu vilikuwa vyepesi. Maneno ndiyo yalikuwa mageni. Miezi mitano akajifundisha kwa kozi ya bure ya mtandaoni, akabandika karatasi jikoni kote: shinikizo la damu, kiharusi, mzio. Chini ya mzio akaandika, mwili kuikataa dawa au chakula. Mama alipika akizizunguka zile karatasi asidondoshe hata moja.

Akaomba kazi ofisi saba. Zote zilimjibu wimbo mmoja: tunataka mwenye uzoefu wa miaka miwili. Sasa mwaka wa kwanza mtu aupate wapi, kama kila mlango unafunguliwa kwa aliyeufikia mwaka wa tatu? Waulize wao. Yeye aliambulia patupu.

Ofisi ya nane ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, meza nne na feni moja inayolalamika. Msimamizi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akaipitia fomu, kidole kikasimama kwenye pengo.

"Hapa kwenye uzoefu hujaandika kitu."

"Sina cha kuandika."

"Angalau husemi uongo. Kaa hapo."

Akampa vifaa vya kuweka masikioni, akamwonyesha pedali chini ya meza: ukiikanyaga sauti inasimama, ukiikanyaga kwa kisigino inarudi nyuma. Mwalimu akaijua mara moja, kwa sababu mguu wake ulikulia kwenye pedali ya cherehani. Msimamizi akamweleza sheria ya kazi. "Neno likikutia shaka, weka nyota pembeni, daktari atathibitisha. Kwa nyota sijamfukuza mtu. Kwa kubahatisha nimewafukuza."

Sauti ilikuwa ya daktari mzee, nzito, yenye haraka. Mgonjwa ameletwa ospitali jana. Oma imepanda. Mwalimu akachapa hospitali, akachapa homa, wala hakustuka. Kisha yakaja maneno mawili mfululizo: ana mzio wa penisilini, ana kisukari.

Mguu ukaikanyaga pedali. Akarudisha. Akarudisha tena. Mtu asiyetamka h, ana yake ina maana mbili, anayo au hana, na ukikosea mgonjwa anaweza kudungwa sindano itakayomuua. Akafumba macho. Ana ya kwanza ilipita kawaida. Ya pili ilibanwa kidogo kooni, ile a ya mbele ikavutwa juu, na Mwalimu akasikia sauti nyingine kabisa, ya mwanamke mwenye futi shingoni akimwambia mteja mkorofi: mwanangu ana makosa, kitambaa ulicholeta ndicho kifupi. Mama akikanusha aliivuta vile vile. Basi akachapa: Ana mzio wa penisilini. Hana kisukari. Akaweka nyota mbili, maana aliambiwa aweke.

Msimamizi akasoma, akavua miwani. "Wamepita watu kumi na mmoja kwenye kiti hicho. Wengine wameandika ana zote mbili, wengine hana zote mbili. Wewe umepatia. Umejifunzia wapi kusikia hivi?"

Hapo, ndugu yangu, jibu lilikuwa jepesi kuliko maji. Nimelelewa nayo. Ni lafudhi ya mama. Lakini ile aibu ya darasani, ambayo ilipaswa kufa zamani, ikamshika ulimi.

"Kwenye kozi," akasema.

Akaipata kazi, kwa mwezi mmoja wa majaribio, na akapewa sauti zote za yule daktari, ambaye ofisi nzima ilimwita Daktari Oma. "Kosa moja la ana na hana likifika kwenye faili," msimamizi akamwambia, "tutaagana." Jioni mama alimpokea mlangoni, akasikia habari, akamkumbatia, akarudi kwenye cherehani akiwa na pini midomoni.

Wiki mbili za mwanzo zikaenda vizuri. Ya tatu daktari akapata mafua, sauti ikakwama, ana zote zikafanana. Nyota zikajaa kwenye kurasa za Mwalimu, na daktari akalalamika kwamba anarudishiwa kila sentensi. Msimamizi hakufoka. Alisema tu, "Nimebakiwa na wiki moja ya kukungoja." Mwalimu akaona dawa ni moja. Arekodi sauti inayofanana na ile, aisikilize mpaka sikio likae sawa. Na sauti hiyo alikuwa nayo nyumbani.

Jumapili akaweka simu juu ya meza ya kukatia. "Mama, ongea tu, nirekodi. Ni mazoezi ya kazi."

"Niongee nini?"

"Chochote. Nifundishe kukata gauni."

"Sawa. Kwanza unachukua kitambaa, unakilaza mezani. Unakikunja mara mbili. Usikivute, kitambaa kikivutwa kinanuna." Na mama akaendelea, dakika ishirini, mwenyewe akionekana kufurahia.

Mwalimu akaingia chumbani, akaweka vifaa masikioni, akafungua daftari la kuandika kila ana itakayopita. Kitu cha kwanza alichosikia ni vituo. Mama anaongea, anafika mahali, anasita, kisha anapitia njia nyingine. Badala ya huu mkasi, alisema mkasi wa kulia. Badala ya halafu, kisha. Na pale ambapo mtu yeyote angesema hapa, palikuwa na mlio, tok, wa kidole kikigonga meza. Unakata kuanzia, tok, mpaka, tok. Kisigino cha Mwalimu kikakanyaga sakafu kutafuta pedali ambayo haikuwepo. Akarudisha kwa mkono. Akasikiliza yote mara tatu. Dakika ishirini za Kiswahili, na ndani yake hamna h hata moja, wala iliyotamkwa wala iliyomezwa. Jaribu wewe uone. Daftari lilibaki jeupe.

Ndipo mengine yakaja yenyewe. Mama siku hizi hakatai kwa hapana, anasema la. Mwaka jana alipougua hakusema ana homa, alisema mwili unachemka. Kwenye simu ni nzuri, sawa, lala salama. Na zile pini. Mwalimu akiwa bado mlangoni aliwahi kusikia mama akipiga soga na wateja, lakini akiingia tu, mama anaweka pini midomoni. Siku zote alidhani ni kazi. Akakaa kitandani akalia, si kwa ajili ya ofisi.

Alipotoka, mama alikuwa anapinda mkono wa gauni la mteja aliyekuwa akingoja nje. "Mama, kwenye ile rekodi hukutaja h hata moja."

Mama akatoa pini haraka. "Nilikosea? Nirudie?"

"Hukukosea kitu. Nilikosea mimi." Akapiga magoti kando ya cherehani. "Ile kazi nimeipata kwa lafudhi yako. Wakaniuliza nimejifunzia wapi, nikawaambia kozi. Nilikukana, mama. Nisamehe. Na nakuomba uongee kama zamani, usinichagulie maneno."

Mama akafikiri. Hakuwa anajibaraguza, alikuwa anatafuta kweli, kama anavyotafuta kifungo kilichoanguka chini ya meza.

"Zamani nilikuwa naongeaje?"

Mwalimu akaliona lile gauni la maua, limesimama mlangoni mwa darasa. Akafungua mdomo amwonyeshe.

"Ulikuwa unasema hivi. Amjambo, walimu."

Mama akamtazama kwa huruma, bila chembe ya kinyongo, akamwinamia sikioni ili hata mteja aliyekuwa nje asisikie.

"Hamjambo, mwanangu," akamsahihisha. "Sema ha."