Nilinyamaza siku ya posa, wote wakasema ni haya

Wakuu, salamu kwenu. Haya ni yangu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Mkicheka chekeni, hapa hamnioni.

Mimi ni binti wa Malindi, miaka ishirini na tisa. Tangu utotoni nakwepa watu. Mtu akipiga hodi, mimi nishaingia chumbani. Si kwamba siwapendi. Naona wakinijua wataniona si kitu.

Nyumbani hilo liliitwa haya. Mama alinisifu kwa majirani, "Mwanangu huyu hata sauti humsikii." Nami nikaamini nimelelewa vyema.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa Sabaki, nimwite Bakari, alileta posa. Alikuwa akija kwenye duka ninalofanya kazi ya kuchapa, nimchapie mitihani. Nilimpenda. Hilo nalisema hapa kwa mara ya kwanza.

Baba akawaacha wageni sebuleni, akaja ndani kuniuliza, "Bakari amekuja kukuposa. Wasemaje?"

Nikainama. Shangazi akasema, "Kimya ndiyo ridhaa," halua ikaanza kupita kwa wageni.

Bakari ndiye aliyewasimamisha. "Wazee wangu, mniwie radhi. Nataka nisikie kwa kinywa chake."

Nikaitwa nisimame nyuma ya pazia la sebule, nijibu wakinisikia. Neno lilikuwa moja tu, naam. Halikutoka. Nikatokea mlango wa uani, nikajificha banda la kuku mpaka wageni wakaondoka. Ndiyo wakuu, banda la kuku.

Ikasemwa nina jini. Nikasomewa, nikabaki vilevile.

Mwishowe nikaenda kwa kaunsela wa hospitali. Baada ya vikao kadhaa akanitajia jina la Kiingereza, avoidant personality disorder, yaani hulka ya kukwepa watu kwa kuogopa kudharauliwa. Alisema hakuna kidonge cha kuiondoa, ingawa dawa husaidia huzuni au wasiwasi ukizidi. Tiba yenyewe ni mazungumzo na mazoezi madogo, kwa muda mrefu. Wengi hupata nafuu, ila polepole.

Zoezi la kwanza: kumwuliza muuza samaki kama samaki wake ni wa leo, na nisiondoke kabla hajajibu. Nilirudi nyumbani nimelowa jasho.

Sasa ni miezi saba. Kuna wiki naenda vizuri, kuna siku nafika mlangoni kwa kaunsela, nikageuka nikarudi nyumbani. Na nimechanganyikiwa kweli. Haya yangu iliishia wapi, ugonjwa ukaanzia wapi? Nikipona, Mama atanitambua?

Leo mchana Bakari kapiga. Zamani nilikuwa sipokei. Leo nikapokea.

"Bado sijaoa," akasema. "Nangoja jibu langu."

Nikamwambia, "Nakutaka." Kisha nikakata simu.

Nilichojifunza ni hiki: msimsifu mtoto kwa ukimya kabla hamjamuuliza anaogopa nini.

Mliopitia haya, niambieni. Hii ni nafuu, au nimekimbia tena? Nauliza kwa sababu simu inaita, ni yeye, ni mara ya tatu sasa, nami niko hapa nawaandikia nyinyi.