Siku Binti wa Fundi Viatu Alipotuona

Fundi viatu alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Wanafunzi wakitoka shule, yeye aliacha kazi ya mteja na kukodolea macho viatu vyao. Alikuwa akikisia saizi ya binti yake, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka minne.

"Sasa atakuwa anavaa thelathini na saba," aliniambia kila mara. "Au nane. Mama yake ana mguu mrefu."

"Shona kiatu cha watu, wewe," nilimjibu. Mimi ni kinyozi, kibanda changu kimepakana na chake, na maneno matamu sina.

Mkewe alihamia na mtoto kwa kaka yake pombe ilipozidi. Simlaumu, hata wangu aliondoka. Tuliacha pombe pamoja, mimi, yeye na dereva wa lori tuliyemwita Injini kwa jinsi anavyokoroma. Zahanati ilitupa dawa na ushauri, lakini zahanati hufungwa saa kumi na kiu huanza saa kumi na moja. Kwa hiyo tukajiwekea sharti: hakuna kupita penye baa peke yako. Tulisindikizana kila jioni, tukibishana mpira kwa sauti ili tusisikie muziki wa ndani.

Mwaka wa pili bila pombe, shemeji yake akalegea. Binti angekuja kibandani Jumamosi asubuhi, amwone baba yake. Fundi alifagia mara tatu, kisha akatuomba tuwepo. Tukaja tumenyoa ndevu, mashati yamepigwa pasi, tukakaa naye kwenye benchi. Injini akatoa kichekesho chake cha trafiki, sote tukaangua kicheko.

Binti alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Nilimtambua kwa paji la uso la baba yake. Alitutazama mmoja mmoja, akageuka, akaondoka karibu anakimbia.

Akili yangu ikaamka, imechelewa kama kawaida yake. Zamani mtoto huyu ndiye aliyekuwa akitumwa baa kumtoa baba yake, na waliokuwa wamemzunguka wakicheka ni sisi hawa hawa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na sisi hatukuwa unyasi, tulikuwa nyoka wenyewe, tumepigwa pasi.

Fundi hakutukaripia. Afadhali angetukaripia.

"Amekuwa mrefu," alisema. Baadaye akasema, "Nina hamu na mwanangu mpaka kifua kinaniuma."

"Basi mfuate," nikamwambia. "Sisi tutabaki."

"Njia ya kule ina baa nne."

Hapo ndipo tulipokwama. Bila sisi asingefika, na akifika na sisi asingepokewa. Injini alitazama chini. Mwishowe nikainuka mimi, nikafunga kibanda, tukaenda wawili, Injini akabaki. Safari hiyo hatukubishana mpira. Penye baa ya tatu alinishika mkono wa shati na hakuuachia mpaka tulipofika mtaa wa shemeji.

Nikajibanza kwenye kona ya ukuta. Yeye akabisha hodi.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Baba yako."

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka kiasi cha uso mmoja.

"Shikamoo," alisema binti, kwa sauti ya mtu anayemaliza wajibu.

"Marahaba, mwanangu."

"Pumua."

Fundi akainama, akapumua.

"Tena."

Akapumua tena, kwa nguvu, mpaka nikasikia kutoka nilipokuwa.  Binti alichungulia nje kwa juu ya bega la baba yake, na macho yake yakanikuta.

"Yule umekuja naye?"

Nilimwombea akane. Nilikuwa tayari hata kugeuka nijifanye mpita njia.

"Ndiyo," alisema fundi. "Peke yangu nisingefika."

Alinitazama kwa muda mrefu, mtoto yule. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa.

"Mwambie aje," akasema. "Na yeye apumue."

Nikavuka uwanja, mzee mzima wa miaka hamsini, nikainama mbele ya mtoto, nikafungua kinywa.